Kazi ile ile, siku tatu au siku moja: zile mbili zilikwenda wapi?

Fundi Cherehani

Habari zenu, ndugu zangu. Mimi ni fundi wa kushona, huu ni mwaka wa 14 niko juu ya cherehani. Kuna swali limenikaa kifuani wiki nzima, na naliuliza kwa dhati kwa sababu linahusu siku zangu za kuishi.

Mwezi uliopita mama mmoja aliniletea kitambaa cha gauni. Mikono mirefu, kiuno kimebana, sketi pana iliyokatwa mshazari, bitana ndani, zipu ya kufichwa mgongoni. Tukakubaliana siku tatu. Nikalimaliza siku ya tatu, jioni, napiga pasi ya mwisho yeye yuko mlangoni. Wiki moja baadaye akaja mdogo wake, umbo moja, vipimo vinapishana sentimita 2 tu kifuani. Anataka gauni lile lile, na analitaka kesho. Nilikuwa nimeshafungua mdomo kukataa, lakini alikuwa na macho ya mtu aliyekwisha kukataliwa kwingine, nikachukua. Saa 1 asubuhi nilianza kukata kitambaa, saa 2 usiku nilikata uzi wa mwisho.

Mkono ni ule ule. Cherehani ile ile, mkasi ule ule. Sasa niambieni, zile siku mbili nyingine zilikwenda wapi? Sikulala, sikutoka. Mtu angenipitia siku ile ya pili akaniuliza nafanya nini, ningemjibu bila kusita kwamba nashona, na ningekuwa nasema kweli.

Ndani ya hilo kuna jingine. Nilipopata oda ya sare 40 nilichukua wasaidizi wawili, wote wanajua kushona vizuri. Peke yangu ningezimaliza kwa siku 9, nikapiga hesabu kwamba watatu tutatumia siku 3. Tulitumia 6. Wazee walisema kidole kimoja hakivunji chawa. Wazee hao hao wakasema manahodha wengi, chombo huenda mrama. Methali zote mbili nimezikuta zimeketi mezani kwangu siku moja.

Watu wa kazi tuna maneno mengi ya kuchekesha kuhusu kazi. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mchagua jembe si mkulima. Tunacheka tunaendelea kushona, lakini naamini aliyeyasema mara ya kwanza alikuwa ameona kitu kwa macho yake. Ndicho nataka kukijua. Naomba anijibu mtu aliyewahi kujichunguza katika kazi yake mwenyewe.

Karani Mstaafu

Binti yangu, pole na kazi. Swali lako nimelibeba miaka 31 ofisini bila kujua kuwa ni swali, kwa hiyo univumilie nikirefusha.

Alikuwepo Mwingereza mmoja, C. Northcote Parkinson, mwanahistoria wa mambo ya majeshi ya majini. Mwaka 1955, siku alizokuwa akifundisha chuo kikuu huko Singapore, aliandika makala katika jarida la The Economist, na neno lake la kwanza lilikuwa hili: kazi hutanuka mpaka ijaze muda uliopo wa kuifanya. Akatoa mfano wa bibi mzee asiye na shughuli anayetaka kumpelekea mpwa wake kadi ya posta. Kutafuta kadi, kutafuta miwani, kutafuta anwani, kisha kuwaza kama atoke na mwavuli au asitoke nao. Jua likitua bibi amechoka kweli kweli. Mwenye shughuli nyingi angeimaliza kadi hiyo kwa dakika 3.

Watu wengi huishia kwa huyo bibi, wakacheka. Mimi kilichonikamata ni hesabu aliyoiweka baada yake. Alichukua takwimu za Jeshi la Majini la Uingereza. Mwaka 1914 lilikuwa na manowari kubwa 62 katika utumishi. Kufika 1928 zimebaki 20. Maofisa na mabaharia wakapungua kutoka 146,000 hadi 100,000. Sasa watazame waliokaa makao makuu kushughulikia makaratasi ya hizo meli: kutoka 2,000 wakafika 3,569. Meli zimepungua kwa theluthi mbili, watu wa kuziandikia barua wameongezeka kwa zaidi ya robo tatu. Sababu alizotoa ni mbili. Ofisa hupenda kuongeza walio chini yake kuliko kupata wa kulingana naye, na maofisa hupeana kazi wao kwa wao. Sioni uvivu humo hata kidogo. Wale watu 3,569 naamini walikuwa wakirudi nyumbani wamechoka, kama mimi nilivyokuwa nikirudi.

Nikupe na la kwangu, maana uliomba mtu aliyejichunguza. Nilipoanza kazi tulikuwa na mashine za kupiga chapa. Ukikosea mstari wa mwisho wa ukurasa, unautoa ukurasa wote na kuanza upya, na nakala za kaboni nazo zinaharibika. Kwa sababu hiyo bosi alikuwa akifikiri kabla ya kusema. Anakuita, anafumba macho kidogo, anatamka barua yote mara moja, unaichapa, anatia saini. Taarifa yetu ya robo mwaka ilikuwa kurasa 4. Zikaja kompyuta. Tukaambiwa kazi itapungua, nami niliamini, hata nikaanza kuwaza nitakavyozitumia jioni zangu. Miaka mitatu baadaye taarifa ile ile ilikuwa kurasa 19. Kurekebisha kumekuwa rahisi, basi kila iliyempitia alirekebisha. Rasimu ya saba, ya nane. Nimewahi kubaki ofisini mpaka usiku nikibadilisha neno "aidha" kuwa "vilevile" katika kurasa zote, na asubuhi yake nikaambiwa nirudishe "aidha".

Hizo jioni nilizoahidiwa sikuziona. Ndiyo sababu swali lako limenigusa, binti yangu. Ushauri wangu ni mmoja tu: chukua daftari, andika kila unachokishika na saa uliyokishika, na ulichokiacha na saa uliyokiacha. Usijihukumu unapoandika. Wewe andika tu.

Muuguzi wa Usiku

Dada fundi, mimi niko wodini, zamu za usiku. Kwetu kazi haina pa kutanuka, kwa hiyo la siku tatu nawaachia wenyewe. La wasaidizi wako ndilo nataka kulijibu.

Mfaransa mmoja mhandisi wa kilimo, Max Ringelmann, aliwavutisha watu kamba akapima nguvu zao kwa mashine. Alichapisha matokeo mwaka 1913. Mtu akivuta peke yake, tuseme nguvu yake ni 100. Wakiwa wawili, kila mmoja anatoa 93. Watatu, 85. Wakifika wanane kila mmoja anatoa 49, yaani nusu ya mtu imepotea kwa kila mtu! Yeye aliona sababu kubwa ni kutovuta kwa wakati mmoja. Mwaka 1974 watafiti wa Marekani walirudia jaribio kwa namna nyingine: walimfunga mvutaji macho, wakamwaminisha kwamba nyuma yake kuna wenzake wanavuta, kumbe yuko peke yake. Hapo hakuna wa kupishana naye mwendo, na bado nguvu ilipungua. Hakuwa amekusudia kutegea. Mwili wenyewe ulishaambiwa kwamba wapo wengine.

Hili nimeliona usiku mmoja ambao sitausahau. Mgonjwa alibadilika ghafla, tukawa watu sita kitandani, wote tunajua kazi. Aliyekuwa akiongoza akasema, "Mtu alete mtungi mwingine wa oksijeni." Sote tulisikia. Hakuna aliyeondoka, kwa kuwa kila mmoja aliamini mwenzake ameondoka. Zilipita sekunde kama 20, na kwenye hali ile sekunde 20 ni nyingi mno. Kisha akanitazama usoni akaniita kwa jina, "Nenda wewe, urudi uniambie umeleta." Nikakimbia. Mgonjwa alipona.

Tangu siku hiyo sijawahi kusema "mtu afanye". Namtaja mtu, naye ananijibu kwamba amesikia, akimaliza ananiambia amemaliza. Na ndivyo tunavyofundishwa kwenye mafunzo ya kufufua wagonjwa. Mimi nilikuwa nimefundishwa nikafaulu mtihani, lakini nilikuwa sijaelewa. Kwa hiyo nakuuliza, dada: zile sare 40, kila mshono ulikuwa na mwenyewe? Au mlikuwa mkisema "tumalizie kola"?

Mwandika Programu

Nampa nyongeza dada muuguzi. Kwenye fani yetu kuna Frederick Brooks, aliyesimamia utengenezaji wa programu kubwa ya mfumo wa kompyuta za IBM miaka ya 1960. Mwaka 1975 aliandika kwamba ukiongeza watu kwenye mradi wa programu uliochelewa, unauchelewesha zaidi. Wapya wanafundishwa na wale wale waliokuwa wakifanya kazi, na maongezi yanazidi. Watu 3 wana njia 3 za kuongea wawili wawili. Watu 10 wana njia 45.

Mwaka jana tuliongezewa wenzetu wanne mwezi mmoja kabla ya kukabidhi. Wiki mbili za kwanza sikuandika hata mstari mmoja, nilikuwa naeleza tu. Waliongezwa kwa nia njema kabisa.

Mwalimu

Nasahihisha insha. Lundo la insha 60 nililopewa wikiendi nzima linaisha Jumapili usiku. Lundo la insha 60 nililopewa jioni moja linaisha jioni hiyo. Nimejaribu kulinganisha alama na sioni tofauti, na jambo hili linanisumbua kama linavyokusumbua wewe fundi. Nafuatilia.

Seremala

Fundi mwenzangu, salaam.

Nimesoma wote. Mnaongea kana kwamba muda wote ambao mkono haukugusa kazi umeliwa. Mimi nakataa.

Kwenye benchi langu kuna meza. Jana mchana niliunga miguu yake, nikatia gundi nyeupe, nikabana kwa jiriwa. Baada ya saa moja naweza kufungua jiriwa. Lakini nguvu kamili ya gundi hiyo inakuja baada ya saa 24 hivi. Mteja akija sasa hivi atakuta meza imekaa, mimi nashughulika na kingine, atasema fundi ananichelewesha. Sina la kufanya. Gundi ndiyo inayofanya kazi. Mbao mbichi ndiyo usiseme, sisi hukadiria mwaka mmoja wa kukauka kwenye hewa kwa kila sentimita 2.5 za unene. Ukiiharakisha inapinda au inapasuka, na itapasuka ikiwa ndani ya nyumba ya mtu, imeshakuwa mlango.

Halafu kunoa. Asubuhi nanoa patasi na ulimi wa randa kwa nusu saa. Nilipokuwa mwanafunzi niliona kama mwalimu wangu anachelewa kuanza kazi. Siku alipoumwa nikaanza bila kunoa. Kufika mchana nilikuwa nimepasua vipande viwili vya mninga na mkono umevimba.

Kwa hiyo kabla hujaziandikia talaka hizo siku mbili, niambie kitu kimoja. Kitambaa chako hakina saa zake? Lile gauni la siku moja, umeliona tena tangu litoke mikononi mwako?

Fundi Cherehani

Shikamoo mzee Karani, na asanteni wote. Sikujibu mapema kwa sababu nilikuwa natekeleza lile la daftari. Siku tano niliandika kila nilichoshika. Nitaanza na daftari, kisha nije kwako seremala, maana swali lako lilinitoa jasho.

Siku ya kwanza niliandika "kuchagua uzi, dakika 25". Nilikuwa na rangi tatu za kijani, zimekaribiana kiasi kwamba jioni taa ikiwaka sikuweza kuzitofautisha. Zilinila dakika 25. Nikakumbuka kwamba kwa lile gauni la siku moja nilitwaa bobini ya kwanza iliyofanana nikaendelea. Siku ya pili: "kufumua mkono wa kushoto, kuurudishia, kuufumua tena, saa 1 na dakika 40". Mkono huo haukuwa na kosa ambalo mvaaji angeliona, wala mimi nisingeliona kama ningekuwa nimesimama hatua mbili nyuma. Halafu kuna jambo nililoliona limejirudia siku tatu kati ya tano. Kila nikiwa na muda naanza na bitana. Bitana ni rahisi, haina mtu wa kuitazama, mkono unakwenda wenyewe. Zipu ya kufichwa naiahirisha mpaka saa za mwisho, nikiwa nimechoka, na zipu ndiyo inayotaka macho mapya. Ile siku moja nilianza na zipu asubuhi, kwa kuwa nilijua ikiniharibikia sina pa kukimbilia.

Nimejitazama hapo kwa muda mrefu. Hizo siku mbili nilizitumia kuikimbia zipu. Ni neno la kuchekesha na mume wangu alicheka nilipomwambia, lakini ndilo nililolikuta kwenye daftari, kwa mwandiko wangu. Mchagua jembe si mkulima: sikuwahi kudhani kwamba jembe linaweza kuwa uzi wa kijani.

Dada muuguzi, la sare umeligusa penyewe. Tulikuwa tukisema "tumalizie kola". Wote watatu tulikuwa tukishona kola, kisha wote tunasubiri pasi moja. Jana imekuja oda ya suruali 24, nimegawa kwa majina: mmoja mifuko, mmoja ovaloki na pindo, mimi viuno na zipu. Nikajikuta nimejipa zipu mbele ya watu, sina tena pa kuzificha. Leo ni siku ya pili tumefika 13. Bado sijui tutamaliza lini, nitawaambia.

Sasa seremala. Uliponiuliza kama nimeliona tena lile gauni, nilikuwa sijaliona. Siku mbili baada ya wewe kuandika, mdogo wake yule mama akarudi nalo. Hakuwa na hasira, na hiyo ilinichoma zaidi. Akalivaa, akasimama mbele ya kioo, akaniambia, "Fundi, tazama upande." Pindo lilikuwa limeshuka ubavuni pande zote mbili, karibu sentimita 3, na mbele na nyuma limebaki palepale.

Walio kwenye fani wanajua sababu. Kitambaa kikikatwa mshazari, nyuzi zinakaa kwa pembe, na uzito wake wenyewe unazivuta kidogo kidogo. Sketi ya namna hiyo hutundikwa usiku mzima, siku nzima ikiwezekana, ijivute yote inayotaka kujivuta, ndipo unapima upya kutoka sakafuni na kupinda. Najua hilo tangu mwaka wangu wa kwanza. Gauni la dada mtu lilitundikwa usiku wa pili, na nilipokuwa nahesabu siku zilizopotea niliuhesabu usiku huo pamoja nazo! La mdogo wake nilipima saa 12 jioni na kupinda saa 1.

Kwa hiyo mzee Karani alikuwa na haki kwa sehemu yangu, na seremala alikuwa na haki kwa sehemu ya kitambaa. Nimekaa na kalamu nikatenganisha. Kati ya zile siku mbili, usiku mmoja na nusu siku vilikuwa vya kitambaa, na sina ruhusa ya kuvigusa. Zilizobaki zilikuwa zangu: uzi, mkono wa kushoto, bitana.

Nilifumua pindo lile mbele yake, nikalitundika. Nilimwomba radhi na nikamweleza kwa nini, kwa sababu alistahili kuambiwa siku ile ile alipoleta kitambaa kwamba gauni hili halishoneki kwa siku moja. Aliuliza, "Kwa hiyo usiku huu wote linaning'inia tu?" Nikamwambia linajivuta. Akalitazama kidogo pale kwenye hanga, akasema atakuja kesho mchana.

Seremala

Liwekee gauni banio mbili kiunoni, uzito ugawanyike sawa. Sijui kushona, lakini nimetundika vitu vingi.

Fundi Cherehani

Nimeweka nne.